Mshipi wa Mita Ishirini na Saba

Nusu ya watu wa mji huu wamepiga picha baharini. Aliyewapiga ni kaka yangu, na kaka yangu bahari hajaiona. Sitanii. Ukuta wa nyuma wa studio yake umefunikwa na pazia la turubai lililochorwa pwani ya majabali. Miamba mitatu imesimama majini kama magego, mawimbi yanapasuka, kijia chembamba kinapanda jabali hadi kileleni, na juu kabisa kuna ndege ambaye mchoraji alimkosea mabawa, kwa hiyo anafanana na suruali iliyopeperuka kutoka kwenye kamba ya nguo. Mbele ya pazia hilo wamesimama maharusi, wahitimu, watoto waliotimiza mwaka, na mzee mmoja aliyetaka kupigwa na baiskeli yake mpya. Miaka ishirini na sita kaka anawaambia, "Inua kidevu. Meza mate. Usipepese." Kisha anabonyeza, nao wanaondoka na bahari mfukoni.

Mimi ni mdogo wake, fundi cherehani. Chumba changu kimepakana na studio, na ukuta uliopo kati yetu ni mwembamba kiasi kwamba akipiga chafya mimi ndiye ninayempa pole. Mkinisikia nacheka humu msidhani mimi ni mpole. Hasira zangu zinakaa mlangoni, haziingii hata ndani, na mkasi wangu umewahi kuruka zaidi ya mara moja. Lakini kaka nampenda, hata pale ninapotamani nimfunge pini mdomoni.

Watu wanamwita Mipango. Jina hilo hakupewa bure, alilitolea jasho. Mara sita amepanga safari ya kwenda kuiona pwani ya majabali yenyewe, ile ya kweli, iliyo mwendo wa siku nzima kwa gari kutoka hapa, na mara sita hatukwenda. Mara lenzi imeingia ukungu. Mara goti. Mara barabara imekatika, na kesho yake tukasikia barabara ni nzima na watu wanapita wakiimba. Kila mara aliyefunga begi mapema ni mimi. Nimelifunga mara sita, nimelifungua mara sita, na nawaambieni, hakuna kazi chungu kama kurudisha kabatini nguo za safari ambazo hazijavaliwa, tena ulizozishona mwenyewe. Mara ya sita nililia. Nikamwambia mbele ya mkewe, "Kaka, ukipanga tena nami nikalifungua tena hili begi, usinitajie bahari mpaka nife."

Akanyamaza miaka miwili. Hata neno "samaki" alilikwepa.

Ndipo siku moja mwaka huu, saa nne asubuhi, akaingia kwangu mbio na ufito mrefu mkononi, ufito ukanasa gauni la mteja lililotundikwa, gauni likaanguka, naye hata hakuomba radhi.

"Dada! Safari hii tunavua!"

Ikawa hivi. Mhandisi mmoja aliyehamishiwa kazi nchi nyingine alikuja kupiga picha ya pasipoti. Akalitazama lile pazia mpaka kaka akamwambia ageuke, maana pasipoti haitaki kisogo. Mhandisi akasema aliwahi kuvua pwani kama ile, akisimama juu ya jabali, na kwamba ndiyo siku aliyocheka peke yake bila kunywa kitu. Alasiri akarudi na ufito, kigurudumu chake kitupu cha kukunjia uzi, kamera ndogo isiyoogopa maji, na kijitabu. Mizigo ilikuwa imemzidi, akamwachia kaka vyote.

Jioni ile tulikaa mezani kwa kaka. Mkewe, wifi yangu, ni mwalimu wa jiografia. Amesahihisha michoro ya pwani isiyo na idadi, na ukimtajia wimbi atakueleza linavyokula mwamba kidogo kidogo mpaka mwamba unabaki na pango. Yeye pia bahari aliyoiona ni ile ya ubaoni, aliyoichora mwenyewe kwa chaki.

"Uvuvi wenyewe," kaka akasema, "unaitwa uvuvi wa nzi."

Wifi akaweka kijiko chini. "Wa nini?"

"Wa nzi. Hakuna chambo, hakuna minyoo. Samaki anatupiwa nzi."

"Miaka ishirini na miwili napigana na nzi katika nyumba hii, leo unataka tusafiri nao?"

"Nzi wa bandia, mama. Wa uzi na manyoya. Anatua juu ya maji, samaki anadhani kapata."

"Na samaki hajui?" nikauliza.

"Akishajua, yumo kikapuni."

Nilicheka, na nilipokuwa nacheka nikajigundua: moyo umeshaanza kufunga begi. Nikajikaripia. Lakini kaka alikuwa ameshatandaza karatasi, na mtu huyu akitandaza karatasi ni kama mwingine kuanza kuimba. Asubuhi tutavua. Mchana tutapanda kile kijia juu ya majabali. Jioni, jua likilala ubavu, atapiga picha ya miamba mitatu kutoka mahali palepale alipokaa mchoraji wa pazia. Siku nne. Tutaondoka Jumamosi, wiki tatu kutoka leo. Wifi akavuta jedwali lake la maji kujaa na kupwa, akaanza kupiga hesabu za saa ambazo chini ya jabali pangepitika kwa miguu bila kuogelea, na mashavu yake yakang'aa kama ya msichana.

Wa nne alikuwa Posta. Huyu ni rafiki wa kaka, tarishi mstaafu aliyepeleka barua kwa miguu miaka thelathini, na ndiye mwenye kigari cha kutupeleka. Katika sisi wote ndiye pekee aliyeiona ile pwani, mara moja, ujanani. Kaka alimbana kwa maswali mpaka mtu wa watu akaomba maji. Je, miamba ni mitatu kweli? Ni mitatu. Mawimbi yanapasuka kweli? Yanapasuka mpaka unalowa. "Pazia lako halisemi uongo," Posta akasema, "ila ndege wa kule hawafanani na suruali."

Wiki mbili zile mji ulitucheka, nasi tukaucheka mji. Kila alasiri Posta alitupandisha kilima cha mnara wa maji tukiwa na mizigo mgongoni. Kaka alibeba kamera mbili na stendi yake, Wifi alibeba vitabu vya wanafunzi ili apate uzito na huku asahihishe akipumzika, mimi nilibeba pasi ya mkaa kwa sababu ndiyo kitu kizito nilichokuwa nacho. "Kilima hakisukumwi," Posta alikuwa akituambia, yeye hata hahemi. "Weka mguu, ondoa mguu, mengine mwachie kilima." Watu walitoka milangoni kumwona fundi cherehani akipanda mlima na pasi. Mmoja akauliza kama kule juu kuna nguo zilizokunjamana.

Nzi niliwatengeneza mimi. Kijitabu kilikuwa na picha, na mkono unaojua kushona tundu la kifungo hauwezi kushindwa na mdudu. Ndoano ndogo, uzi mwembamba, na manyoya ya shingo ya jogoo. Hapo pa jogoo ndipo palipokuwa na kazi. Jogoo mwenye manyoya mazuri ni wa jirani, na tulimkimbiza mimi na Wifi uani kwa jirani, yeye na ndoo, mimi na shuka, mpaka mwenyewe akatoka.

"Mnamtaka jogoo wangu?"

"Hapana," Wifi akasema akihema. "Tunataka shingo tu."

Ilibidi tuketi naye nusu saa kumweleza. Nilipata manyoya ya kutosha nzi kumi na wawili. Kaka aliwapanga mezani akawapiga picha mmoja mmoja, akiwaambia wainue kidevu.

Sasa njooni kwenye aibu yangu. Wiki moja kabla ya safari kaka alinipitishia karatasi chini ya mlango, orodha ya vitu vya kushona. Mifuko miwili ya lenzi, sawa. Kofia nne zenye kamba ya kidevuni, kwa ajili ya upepo, sawa. Na mwisho, kwa mwandiko wake wa kutulia: *Mshipi mmoja. Mita ishirini na saba. Uwe mzito katikati na uzidi kuwa mwembamba kuelekea mwisho. Rangi ya kuonekana mbali.*

Nikasoma mara tatu. Mita ishirini na saba. Nikasema moyoni, kaka amenenepa, ndiyo, lakini si kiasi hicho.

Mimi ni fundi. Katika chumba changu mshipi ni kitu kinachokaa kiunoni. Nikafikiri kwa bidii, na kufikiri kwa bidii ndiko kulikonipoteza, kwa sababu nilipata jibu zuri sana. Majabali! Kijia chembamba! Kaka anataka sote wanne tujifunge mshipi mmoja, mmoja akiteleza watatu wamshike. Ndiyo maana uwe mzito katikati, huko kwenye nguvu. Ndiyo maana rangi ionekane mbali, watu wa uokoaji watuone. Machozi yalinilenga kwa jinsi kaka alivyotufikiria. Nikachukua satini ya rangi ya chungwa niliyoitunza tangu mwaka juzi, nikaitia kitambaa kigumu ndani, nikaidarizi kwa mistari mitano katikati na mistari miwili kwenye ncha. Siku tatu. Cherehani ilipata moto, nguo za watu zikarundikana nyuma yangu hadi dirishani, lakini nilishona mita ishirini na saba za mshipi mpana vidole vinne, na kwenye ncha nikatia vishikizo vya shaba.

Jumanne nikaupeleka studio, umekunjwa kama gurudumu la lori. Wifi alikuwepo, amepita kutoka shuleni. Posta alikuwa ameketi kwenye kile kiti cha wateja, mbele ya mawimbi.

"Mshipi wako," nikasema kwa majivuno.

Kaka akautazama. Akashika ncha, akaivuta, akarudi nyuma mpaka mlangoni, na mshipi ulikuwa bado unakuja.

"Hiki nini?"

"Mshipi. Mita ishirini na saba. Mzito katikati."

Posta akatoa sauti kama birika linalokaribia kuchemka. Wifi akajifunika uso kwa madaftari.

"Dada," kaka akasema polepole, "mshipi. Mshipi wa kuvulia. Ule uzi! Uzi wa kwenye ufito!"

Kicheko kilichofuata kilisikika hadi upande wa pili wa barabara, nina ushahidi, maana kinyozi alikuja kuuliza nani kashinda bahati nasibu. Posta alianguka kutoka kwenye kiti. Wifi alijifunga mshipi mara kumi na nne akazunguka kama bibi harusi wa ajabu. Mimi nilicheka mpaka nikashika mbavu, halafu nikakasirika, halafu nikacheka tena. Nani katika dunia hii anamwandikia fundi nguo "mshipi" bila kusema wa samaki?

Halafu kaka akaacha kucheka. Akatazama kile kigurudumu kitupu. Akatazama kupitia mlango wangu uliokuwa wazi, lile rundo la nguo za watu.

"Basi," akasema. "Bila mshipi hakuna kuvua. Mjini hapa haupatikani, na kuagiza ni wiki tatu. Tuahirishe kidogo tu."

Nilihisi damu ikipanda. Tuahirishe. Neno lilelile, sauti ileile, hata kile kidole chake kikikuna sikio kilikuwa kilekile.

"Rudia," nikasema.

"Nasema kidogo tu…"

"Ngoja ngoja huumiza matumbo, kaka, na langu limeumia mara sita! Begi langu limeshafungwa. Limefungwa tangu Ijumaa. Silifungui. Nitaenda na Posta. Nitaenda na pasi yangu. Nitakaa juu ya jabali niitazame bahari mpaka inikome, halafu nirudi nikuhadithie, nawe utapiga picha za watu mbele ya suruali inayoruka hadi uzeeni!"

Kaka akakaa kwenye kiti kilichomwangusha Posta.

"Nimeshaitwa Mipango," akasema. "Moja zaidi itanipunguzia nini? Na tena… naogopa. Nimeitazama hii pwani miaka ishirini na sita. Vipi nikifika nikakuta si hivi?"

"Ukikuta si hivi, mume wangu," Wifi akasema akijifungua mshipi, "utashukuru. Hasa kwa upande wa ndege."

Posta akapasuka tena. Na mimi, hasira zangu zilivyo, huja kama mvua ya ghafla na kuniacha nimetakata, nikawa nimeshika kile kijitabu. Kulikuwa na mchoro wa mshipi ule mwingine. Mnene katikati, mwembamba nchani. Uzito wenyewe uko kwenye mshipi, Wifi akanisomea, kwa sababu nzi ni mwepesi hawezi kujirusha. Mshipi ndio unaoruka, nzi anabebwa tu.

"Huu ni msuko," nikasema.

"Nini?"

"Huu ni uzi uliosukwa. Nyuzi nane katikati, sita, nne, halafu mbili. Nina uzi wa makochi wa kushonea viti, haukatiki hata kwa meno. Tukiupaka nta utaelea. Nipeni mpaka Alhamisi."

Tulisuka sote. Nyuzi zilifungwa kwenye kitasa cha mlango wa studio na kupita mbele ya pazia, na wateja waliokuja kupiga picha waliambiwa washike ncha kwanza. Hata kinyozi alisuka, tena vizuri kuliko Wifi. Alhamisi saa tisa mshipi ulikuwa tayari, rangi ya chungwa, umepakwa nta ya nyuki, mita ishirini na saba bila pungufu. Tukaenda nao uwanja wa mpira wa shule, na nusu ya mtaa nyuma yetu.

Beseni la maji likawekwa hatua kumi na mbili. Hiyo ndiyo bahari. Kaka akavaa kofia yake, akashika ufito, akafungua tafsiri ya Wifi ya kile kijitabu cha Kiingereza. Wifi alikuwa ameandika kwa hati safi ya ubaoni: *Rusha ufito ukiufikiria kama mshale wa saa. Mbele usishuke chini ya saa 10, nyuma usipite saa 1.*

Kaka ni mtu wa kufuata maandishi. Saa kumi ni saa kumi, alasiri watoto wanapotoka shule, mshale mfupi umelala kwenye nne, chini. Saa moja ni asubuhi watu wanapokwenda kazini, mshale uko kwenye saba, chini vilevile. Basi akaanza. Akaupiga ufito chini nyuma, chini mbele, chini nyuma, chini mbele, kama mtu anayeua nyoka wawili kwa wakati mmoja. Majani yaliruka. Mshipi ulimzunguka miguu. Nzi wangu wa kwanza, mzuri kuliko wote, alinasa kwenye matako ya suruali yake na hapo akabaki.

"Mbona kijitabu hakisemi inaumiza?" kaka akauliza.

Wifi alikuwa akitazama saa yake ya mkononi, akiigeuza huku na huku. Ghafla akapiga yowe. "Namba! Zisome namba zenyewe, baba! Kumi iliyoandikwa! Hiyo ni saa nne yetu!"

"Umeandika saa kumi."

"Nilinakili!"

"Mwalimu mzima wa jiografia!"

"Jiografia si saa!"

"Kwa hiyo ni kati ya saa nne na saa saba," Posta akasema kwa utulivu. "Mchana. Juu. Jaribu hapo."

Kaka akajaribu hapo. Na mshipi ukaruka. Ulipanda nyuma yake mrefu, ukanyooka, ukasimama angani kidogo kana kwamba unafikiri, kisha ukaja mbele ukiimba, na uwanja mzima ukasema "aaah." Mara ya kwanza ulivua kofia ya Posta. Posta akajipapasa sikio, akaona bado lipo, akasema, "Nzi kufia kidondani si haramu. Endelea." Mara ya saba nzi alitua katikati ya beseni bila hata kurusha tone. Tulipiga makelele ungedhani timu ya shule imefunga bao. Nilimrukia kaka nikamkumbatia, na nilikuwa na furaha ambayo sijui niilinganishe na nini, furaha ya kijinga kabisa, ya mtu mzima aliyeona uzi ukianguka kwenye beseni.

Ikafika Jumamosi. Kigari cha Posta kingeondoka saa mbili asubuhi. Saa moja na robo nilikuwa nimeoga, nimevaa, kofia kichwani, naenda kufunga dirisha la chumba cha kazi. Mama mmoja akafika na gauni mkononi.

"Fundi wangu, nakusihi. Zipu imekatika. Sherehe ni mchana huu. Dakika kumi tu."

Nikakaa. Ningefanyaje? Nikang'oa zipu. Chini ya zipu bitana ilikuwa imechanika, nikaona niitie kiraka. Nilipoinua kichwa nikaona rundo lile dirishani, na juu yake shati la mwalimu mkuu ambalo lilibaki kola tu. Kola ni dakika tano. Nje honi ikalia. Nikasema, "Nakuja!" Nikatia uzi wa bluu. Honi ikalia tena. Nikasema, "Niongojeni kidogo tu!"

Mlango ukafunguka. Kaka. Kamera shingoni, viatu vya kupandia vimefungwa hadi juu.

"Dada, twende."

"Kola hii tu."

Akasimama akinitazama. Hakukuna sikio.

"Unakumbuka mara ya pili? Nilisema lenzi imeingia ukungu."

"Ndiyo. Ulituudhi."

"Lenzi ilikuwa nzima. Ulikuwa na sare za shule mia moja na arobaini, ukasema tukuongoje kidogo. Tukakuongoja wiki."

Mguu wangu ukaacha kukanyaga.

"Na mara ya tano? Lile goti?"

"Goti lilikuwa bovu kidogo, siwezi kusema uongo. Lakini wewe ulikuwa na majoho ya kwaya nzima. Nne ni zangu, naapa. Hizo mbili ni zako."

"Kwa nini hukusema?"

"Ungenirushia mkasi."

Na kweli, mkono wangu ulikuwa juu ya mkasi. Nikauondoa. Nyani haoni kundule. Mimi niliyemtukana mbele ya kinyozi, mimi niliyelia, mimi mwenye begi. Nilikumbuka zile sare. Nilikumbuka hata jinsi nilivyofarijika aliposema lenzi imeharibika, na jinsi nilivyoifunika faraja hiyo kwa kelele. Chumba hiki sijakifunga siku moja ya kazi kwa miaka kumi na tisa, na nilikuwa naogopa kuliko yeye. Nikamwambia hivyohivyo, "Kaka, naogopa."

"Najua," akasema. "Mshipi uko wapi?"

"Si upo kwenye kigurudumu?"

"Ule wa kwako."

Ulikuwa chini ya meza. Akauvuta. Akanizungusha kiunoni mara mbili nikiwa bado nimeketi, akafunga kishikizo cha shaba, akajifunga na yeye, akapiga hatua kuelekea mlangoni. Mshipi ukakaza. Nilikuwa nimeushona kwa mistari mitano, haukuwa wa kukatika. Kiti kikasogea nami nikiwa juu yake. Mama mwenye gauni akacheka kwanza, halafu akalichukua gauni lake mezani. "Nenda, fundi. Nitavaa lile la kijani, linanipendeza zaidi," akasema, naye akanisukuma mgongoni.

Wifi alikuwa nje, akajifunga katikati bila kuuliza. Posta alitaka kubaki usukani, tukamwambia ashuke, ajifunge kwanza, hata kwa hatua kumi. Kinyozi alitoka na mteja mwenye povu shavuni. Kaka akairefusha miguu ya stendi, akaweka kamera, akarudi mbio mahali pake kwenye mshipi. "Inueni videvu," akasema. "Mezeni mate." Kwenye picha hiyo, nyuma yetu hakuna pazia, kuna chumba changu cha cherehani chenye dirisha wazi, na sote wanne tumepepesa.

Begi langu lilikuwa limeshapakiwa. Sikulifungua hata kuangalia. Nikarudi kufunga dirisha, kisha mlango, nikivuta watu watatu nyuma yangu. Kufuli liligoma kidogo, maana halijazoea kufungwa asubuhi. Nikalipiga ngumi, likakubali.